Mguu wa Kulia wa Bamkubwa

Hivi wewe, unapokwenda kuabudu, unapelekwa na miguu yako au na miguu ya baba yako?

Usikimbilie kujibu. Wengi wetu tungejibu upesi na tungesema uongo bila kujua. Tumerithi imani kama tunavyorithi kabati la babu: limesimama sebuleni, zito, hakuna aliyewahi kulifungua aone kilichomo, lakini ole wake atakayesema lihamishwe. Mimi nasema Mungu hakuumba makabati. Aliumba watu, akawapa hiari, na hajawahi kuja kudai arudishiwe. Angetaka utii usio na hiari, mawe yangemtosha. Jiwe haliibi, halisengenyi, halimtamani mke wa jirani. Lakini nani amewahi kusikia jiwe limepata thawabu?

Nayasema haya kwa sababu ya baba yangu mkubwa, ambaye ukoo mzima tunamwita Bamkubwa, na kwa sababu ya mguu wake wa kulia.

Bamkubwa ni mwalimu wa udereva. Ni mtu mpana, mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake kuingia chumbani. Gari lake ni dogo, jeupe, lina kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa, na ndani linanuka sabuni na woga wa watu. Upande wa abiria, anapokaa mwalimu, kuna pedali ya breki ya pili, ili mwanafunzi akipotewa na akili, mwalimu aokoe roho za wote wawili. Kwa pedali hiyo Bamkubwa ameokoa kuku, baiskeli, ukuta wa shule, na mama mmoja muuza nyanya ambaye mpaka leo akiliona gari lile likija hujiondokea barabarani mwenyewe, yeye na meza yake.

Kila kazi ina kilema chake. Mshonaji huumwa mgongo, mpishi huungua vidole. Kilema cha mwalimu wa udereva ni mguu. Umezoea kukanyaga breki hata pale ambapo breki haipo. Bamkubwa akikaa kwenye gari la mtu mwingine, hukanyaga sakafu mpaka mwenye gari anamwomba ashuke atembee. Mamkubwa, mkewe, akimimina chai na kikombe kikakaribia kufurika, mguu unakanyaga. Mtoto akikimbia karibu na ngazi, mguu unakanyaga. Siku moja kwenye harusi ya jirani, bwana harusi alipoulizwa kama anakubali, ilisikika “pu!” kutoka safu ya pili. Bamkubwa aliomba radhi, akasema ni mazoea tu. Ndoa yenyewe, kwa taarifa yako, inakwenda kwa kusukumwa.

“Mimi niliolewa na mguu mmoja,” Mamkubwa hupenda kuwaambia wageni. “Ule wa pili una mke wake, yule wa chuma.”

Lakini usidhani ni mtu wa kuwabana watu. Ana desturi yake ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote. Katika somo la mwisho kabla ya mtihani, huingia garini, hufunga mkanda, hutia pipi kubwa mdomoni, na hasemi tena neno. Hasemi kulia, hasemi kushoto. Wanafunzi wenyewe wameliita somo la bubu. Niliwahi kupanda kiti cha nyuma siku ya somo la bubu la muuza nyama wa mtaani kwetu, mtu mwenye mikono kama mapaja, anayekata mifupa ya ng’ombe bila kupepesa jicho.

“Niende wapi, mwalimu?” aliuliza tulipofika njia panda.

Kimya.

“Kulia au kushoto?”

Pipi ikahama shavu.

“Mwalimu, wananipigia honi! We kijana huko nyuma, nisaidie!”

Nami nilikuwa nimekatazwa kusema. Jasho likamtoka muuza nyama, likamwingia machoni. Mwisho akakata kushoto, akaenda, akakata tena, akapita sokoni, akashuka bonde, akapanda, na tukashtukia tumesimama mbele ya nyumba yenye mlango wa bluu. Akazima injini, akakodoa macho.

“Jamani, hapa ni kwa mama mkwe!” alisema kwa mshangao uliozidi wetu. “Mimi huyu, nimekuja kwa mama mkwe kwa hiari yangu!”

Tulicheka mpaka mama mkwe mwenyewe akatoka nje kuona kuna nini. Jioni nilimuuliza Bamkubwa kwa nini anawatesa watu hivyo. Akaniambia, “Anayekata kona kwa sauti yangu hajakata kona. Nimekata mimi, yeye ameshika usukani tu. Mtihani ukija, sauti yangu haimo garini.”

Maneno hayo niliyapenda kuliko mengi niliyosikia chuoni. Ndiyo maana nilikasirika sana nilipoona kwamba nyumbani kwake mwenyewe hayafuati.

Bamkubwa ana binti mmoja, kitinda mimba wake, ambaye sote tunamwita Nadhiri. Jina hilo la utani lina historia. Alipokuwa mchanga aliugua kifua, akalazwa, akafikia kupumua kama mtu anayepanda mlima. Bamkubwa alisimama kwenye korido ya hospitali, akaegemeza paji la uso ukutani, akasema: Mungu, ukimwacha hai, atakutumikia nyumbani mwako, atawafundisha watoto neno lako. Kabla hajaondoka pale ukutani, mtoto akalia. Kilio kikubwa cha mtu mwenye njaa. Tangu siku hiyo njia ya binti ilikuwa imeshachorwa. Wenzake walipoulizwa watakuwa nani wakiwa wakubwa, yeye hakuulizwa.

Na Nadhiri alikua mtiifu, mcheshi, mpenda sala, mwenye vidole visivyotulia. Alifungua redio, akaifunga. Alifungua pasi ya Mamkubwa, akaifunga, ikawa moto kuliko ilipotoka dukani. Kisha siku moja alipeleka mzigo kwenye jengo moja refu la ofisi, akakuta lifti imekwama, na fundi wake, mama mmoja mfupi aliyevaa suruali ya mifuko mingi, anahitaji mtu wa kumshikia tochi. Alishika tochi mpaka kazi ikaisha. Baada ya hapo akawa anarudi kila alipopata nafasi, mpaka yule mama akamwambia, njoo nikufundishe kazi, nakuhitaji.

“Kaka,” aliniambia tukiwa tunakunja nguo zilizokauka uani, “ukisimama juu ya lile sanduku, ukaona kamba za chuma na magurudumu vinavyoitikiana, kila kimoja kinafanya lake na watu wanapanda salama, unasikia... sijui nisemeje. Kama mtu anayesali na hajui kuwa anasali.”

“Basi mwambie baba.”

“Nimwambie nini? Kwamba alichomwahidi Mungu nimekibadilisha na lifti?”

“Kwani watoto huwapendi?”

“Nawapenda watoto wa watu,” alisema, “wakiwa kwa watu.” Akacheka, lakini shuka aliyokuwa anaikunja aliikunja vibaya, akaikunjua, akaanza upya. “Nitakubali tu, kaka. Mungu atauona moyo wangu.”

“Mungu anauona tayari,” nikamwambia. “Hiyo ndiyo shida.”

Nilitoka pale nikiwaka. Nilimkuta Bamkubwa anaosha gari, suruali kaikunja mpaka magotini.

“Bamkubwa, ile nadhiri uliitoa wewe au aliitoa yeye?”

“Angeitoa vipi? Hata meno hakuwa nayo.”

“Basi ulimpa Mungu kitu kisicho chako.”

Kitambaa kilisimama juu ya kioo. “Mtoto si wangu?”

“Mtoto ni wako. Hiari yake si yako. Mungu mwenyewe aliyempa haigusi, sembuse wewe!”

“Chuo kimekujaza gesi, mwanangu. Mtu akiwasha kiberiti karibu yako utatuchomea mtaa. Shika ndoo.”

“Nikishika ndoo utanijibu?”

“Ukishika ndoo, gari litatakata.”

Nikashika. Tukaosha upande mzima. Nilipodhani mazungumzo yamekufa, akasema bila kunitazama, “Umewahi kusimama kwenye korido kama ile?”

“Sijawahi.”

“Mimi nimesimama. Niliomba nikapewa. Sasa nikinyima nilichoahidi, nikaamka siku moja nikakuta kifua kile kimerudi, utakuja na vitabu vyako unipe binti mwingine?”

Nilidhani Bamkubwa ana kiburi cha baba. Kumbe alikuwa na hofu. Na hofu haitoki kwa hoja. Lakini nilijua pia, na najua mpaka leo, kwamba Mungu anayemkaba mtoto kifua ili kumdai baba si Mungu. Ni mtu mkorofi tuliyemchora wenyewe tukampandisha juu.

Mambo yakafika kooni. Nyumba ya ibada ya mtaani kwetu ina darasa la watoto wadogo, kila siku asubuhi, na mwalimu wake alikuwa amehama na mumewe. Mzee wa ibada akakumbuka nadhiri. Akatuma salamu kwamba atakuja alasiri kumpokea binti rasmi, kesho yake aanze kazi. Mamkubwa akachinja kuku, maana mzee yule hujulikana kwa mambo mawili: miwani iliyofungwa kwa uzi, na heshima kubwa kwa paja la kuku.

Tulikaa mezani watano: Mzee wa ibada kwenye kiti cha heshima, Bamkubwa kulia kwake akiwa amevaa shati lake la kola ngumu, Mamkubwa, Nadhiri, na mimi niliyewekwa mwisho kabisa wa meza kwa makusudi.

“Nasikia binti amekuwa akipanda panda lifti,” Mzee alisema akichagua paja.

“Alikuwa anashika tochi tu,” Bamkubwa akasema haraka.

“Hata kama. Mwambieni kupanda kwetu sisi kwenda mbinguni hakuna vitufe.” Akacheka mwenyewe, akafuta mdomo, kisha akaketi wima. Namsifu kwa jambo moja: alikuwa mtu wa haki. “Binti, kesho watoto watakungoja. Lakini mtu hachukuliwi kama gunia. Sema mwenyewe mbele ya wazazi wako. Unakubali?”

Nadhiri akafuta vidole, kimoja kimoja. Akamtazama baba yake, akatabasamu lile tabasamu la mtoto anayemeza dawa.

“Nina...”

Pu!

Vikombe viliruka. Mzee akashika miwani.

“Samahani, samahani,” Bamkubwa alisema. “Mazoea ya kazi. Endelea, mwanangu.”

“Ninaku...”

Pu! Kijiko kikaanguka chini, kikaviringika mpaka mlangoni.

Hakuna aliyekiokota. Sote tulikuwa tunatazama chini ya meza, na Bamkubwa naye alikuwa anautazama mguu wake wa kulia kama mtu aliyeleta shahidi wake mwenyewe mahakamani, akamsikia anatoa ushahidi upande wa pili.

“Baba watoto,” Mamkubwa akasema taratibu, “mguu huo nimekaa nao miaka yote. Unanikera, lakini haujawahi kukanyaga bure. Umeona nini mbele?”

Bamkubwa alibadilika rangi usoni. Mimi nikafungua mdomo, na Mamkubwa, bila hata kunigeukia, akasema, “Wewe msomi, kula.” Nikala.

“Baba?” Nadhiri alisema. “Nisemeje?”

Kimya.

“Baba, niseme ninakubali?”

Bamkubwa alifunga midomo. Aliikaza kabisa, mpaka mashavu yakavimba, akaweka mikono yote miwili magotini kama anavyokaa kwenye lile gari dogo jeupe. Na binti yule, aliyekulia kwenye nyumba hiyo, akakitambua kimya kile. Nilimwona anakitambua. Alifumba macho, akavuta pumzi na kile kifua chake kizima kisicho na ugonjwa wowote.

“Sikubali,” akasema. Kisha, kama aliyeshtushwa na sauti yake, akaendelea mbio: “Nampenda Mungu, baba. Mzee, nampenda kweli. Nasali hata nikiwa nashika tochi. Lakini darasa silitaki. Ningesema nakubali, ningekuwa nawadanganya nyinyi, na watoto, na Yeye. Nisameheni.”

Mzee aliweka paja chini, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. “Na nadhiri? Ahadi ni deni, bwana.”

“Ni deni kweli, mzee wangu,” Bamkubwa akasema. “Langu. Mdomo ulioahidi ni huu hapa. Nilitumia mdomo wangu, nikataka kutembea kwa miguu ya mtoto.”

“Sasa watoto wafanyeje? Kesho wanakuja!”

“Nitakuja mimi.”

“Wewe?”

“Madereva nitawasogeza mchana. Asubuhi nitakuja mimi.”

“Wewe! Hata kuimba hujui! Ukiitikia ibadani, ndege wanahama paa!”

Hapo Mamkubwa alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akalala juu ya meza, Nadhiri akafuata, machozi na kicheko vikamchanganyikia, na Mzee wa ibada naye, baada ya kututazama kwa ukali kidogo, akatikisika mabega. Akalirudia paja lake. “Haya,” alisema huku anatafuna. “Haya bwana. Mungu amewahi kutumia vyombo vibaya zaidi ya hivi.”

Mzee alipoondoka, nilikaa na Bamkubwa kibarazani. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani, ya kumpongeza na kumweleza nini hasa alichofanya, na nikaiona haina kazi. Nikamuuliza tu kama bado anaogopa.

“Naogopa sana,” alisema. “Lakini siku zote niliogopa nikiwa nimemweka binti yangu mbele, kama ngao. Leo naogopa mwenyewe. Afadhali. Mtu ukisimama mwenyewe, unaweza hata kumuuliza Mungu kama kweli ana hasira.”

“Na umemuuliza?”

“Nimemuuliza. Hajajibu. Labda na Yeye ana pipi.” Akacheka kile kicheko chake, watu wa nyumba ya pili wakageuka.

Kesho yake asubuhi nilipita uani mwa nyumba ya ibada. Nadhiri alikuwa ameshatoka kwenda kwa yule mama wa mifuko mingi, kavaa suruali ya kuazima iliyomzidi kiuno. Madirisha ya darasa yalikuwa wazi, nami nikasimama kwenye dirisha la pembeni.

Bamkubwa alikuwa amekaa katikati ya watoto kwenye kiti chao, kile cha plastiki chenye miguu mifupi, magoti yakiwa karibu na masikio, shati la kola ngumu likimkaba. Alikuwa amekwisha kujaribu wimbo. Nilijua kwa sababu mtoto mmoja alikuwa bado ameziba masikio. Mzee wa ibada alisimama mlangoni akijifanya anatengeneza bawaba.

“Sasa tutaomba,” Bamkubwa alisema. “Simlazimishi mtu. Anayetaka kumwambia Mungu neno, aseme. Asiyetaka, anyamaze tu.”

Wakanyamaza wote. Mmoja alikuwa anachimba pua. Bamkubwa alingoja, jasho limemtoka shingoni, na hakumtaja yeyote. Nami nilikuwa natamani amtaje, nakiri, kimya kile kilinitesa. Hatimaye msichana mmoja mdogo aliyesimama nyuma, mwenye nywele zilizosukwa upande mmoja tu, akanyoosha mkono. Akafumba macho kwa nguvu, akafumbata viganja.

“Mungu,” alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, “mpe mwalimu mpya kiti kikubwa. Kwa sababu hiki alichokalia ni changu.”

“Amina!” wakapiga kelele wote.

Na Bamkubwa akasema amina kubwa kuliko zao, akajinasua kutoka kwenye kile kiti, akakifuta kwa mkono, akampelekea yule mtoto mahali alipokuwa amesimama, kisha akakaa chini kwenye mkeka.